NANI MSIMULIZI WA MAUMIVU? Mwili, Nafsi na Mamlaka ya Fasiri katika Tawasifu ya Hilary Mantel

Utangulizi

Makala hii inanuia kuhakiki tawasifu ya mwandishi Mwingereza Hilary Mantel, Giving Up the Ghost, iliyochapishwa mwaka 2003. Mantel (1952-2022) anafahamika zaidi kwa riwaya zake za kihistoria, Wolf Hall na Bring Up the Bodies, zilizompatia Tuzo ya Booker mwaka 2009 na 2012. Riwaya hizo tutaziweka kando. Kinachotushughulisha hapa ni kitabu ambamo mwandishi anausimulia mwili wake mwenyewe: mwili uliouma kwa miaka mingi huku matabibu wakishikilia kwamba kilichokuwa kinauma ni nafsi.

Swali tunaloliuliza ni hili: mtu anaposema kwamba anaumwa, na tabibu asione kidonda, ni nani mwenye haki ya kuyasimulia maumivu hayo na kuyapa maana? Msomaji anaweza kudhani kuwa swali hili ni la waganga, wala si la wahakiki. Sisi tunaliona kuwa ni swali la fasihi kwa ukamilifu wake. Anayesema kwamba mgongo wa mgonjwa unauma kwa sababu ya huzuni iliyozikwa, au kwamba tumbo lake linauma kwa sababu ya tamaa asiyoikiri, anafanya kazi ya kufasiri. Anauchukua mwili kama matini, anaichukua dalili kama jazanda, kisha anatangaza maana iliyofichika. Maadamu hiyo ni fasiri, hatuna budi kuipima kwa vigezo vilevile tunavyopimia fasiri ya shairi au ya tamthilia. Dai letu ni kwamba fasiri ya kisaikolojia ya maumivu sugu, katika sura anayoifichua Mantel, huanguka katika kipimo hicho. Haianguki kwa kuwa nafsi haina nafasi katika maumivu, bali kwa kuwa imejijengea ngome isiyoweza kufikiwa na ushahidi wowote.

Lugha ya Kuumwa

Kabla ya kuingia katika matini yenyewe, inafaa tutazame jinsi Kiswahili kinavyoyasema maumivu. Mswahili husema, "Kichwa kinaniuma." Kitenzi ni kile kile kitumikacho kwa mbwa au nyoka auumaye mguu. Kiungo ndicho kiima, na mtu mwenyewe ni yambwa, mtendwa. Hata anapojitaja mwanzoni husema "naumwa", katika kauli ya kutendwa. Sarufi yetu, basi, humweka mgonjwa upande wa anayepatwa na jambo, si upande wa anayelizua. Hali kadhalika, neno "uchungu" hutumika kwa dawa, kwa mzazi aliye katika kujifungua, na kwa aliyefiwa. Lugha haikuweka ukuta kati ya mwili na moyo. Lakini haikusema kwamba uchungu wa mzazi ni huzuni iliyojificha tumboni. Kuyaweka mambo mawili chini ya neno moja si kusema kwamba moja ni kisingizio cha jingine.

Tusiitwike sarufi mzigo isioweza kuubeba. Msemaji wa Kiswahili naye huweza kumshuku jirani yake kuwa anajitia ugonjwa. Neno "kujitia" lenyewe ni ushahidi. Hata hivyo, hekima ya wahenga imeliona tatizo hili la ujuzi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hizi mbili hazisemi kwamba mgonjwa hakosei kamwe. Zinasema kwamba kuna jambo analolijua ambalo msikilizaji hana njia ya kulijua ila kwa kumsikiliza.

Elaine Scarry, katika The Body in Pain (1985), ameieleza hali hii kwa namna inayokaribiana na methali zetu: kwa anayeumwa, maumivu ni yakini isiyo na shaka, kwa anayeambiwa, ndiyo mfano wa jambo la kutiliwa shaka. Virginia Woolf naye, katika insha ya mwaka 1926 kuhusu hali ya kuugua, alilalamika kwamba lugha ya Kiingereza ni maskini inapofika kwenye mwili unaouma. Mantel alimjibu Woolf katika insha aliyoiandika mwaka 2010 baada ya kulazwa hospitalini. Kwa maoni yake, maneno ya maumivu yamejaa tele. Jibu hilo ni ufunguo wa tawasifu yake. Tatizo analolisawiri si uhaba wa maneno. Ni uhaba wa sikio lenye kuyaamini.

Tabibu kama Mhakiki

Ili tuielewe fasiri iliyomwangukia Mantel, yatubidi turudi nyuma hadi Vienna ya karne ya 19. Mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud walichapisha kitabu chao kuhusu histeria. Miongoni mwa visa vilivyomo ni cha mwanamke kijana ambaye Freud anamwita Elisabeth von R. Mwanamke huyu aliumwa miguu kwa zaidi ya miaka miwili na kutembea kukamwia vigumu. Alikuwa amemuuguza babake hadi kufa, kisha akafiwa na dadake. Freud alifikia uamuzi kwamba mzizi wa maumivu yale ulikuwa mapenzi ya siri kwa shemeji yake: mbele ya maiti ya dadake, fikira ilimpitia kwamba sasa mwanamume yule yu huru kumwoa, naye akaizika fikira hiyo katika miguu yake.

Mhakiki wa fasihi hawezi kukisoma kisa hiki bila kuvutiwa nacho. Kina mgogoro, kina siri, kina kilele, kina ufumbuzi. Freud mwenyewe alikiri kwa mshangao kwamba visa vyake vya wagonjwa vinasomeka kama hadithi fupi. Ungamo hilo lina uzito. Hadithi huridhisha inapofunga mwanzo wake na mwisho wake kwa fundo moja. Lakini kuridhisha si kuthibitisha. Freud mwenyewe anakubali kwamba miguu ya Elisabeth huenda ilianza kuuma kwa baridi yabisi ya misuli, ugonjwa wa kawaida wa mwili, kabla ya nafsi kuuteka kwa matumizi yake. Basi ukweli wa mwili umo ndani ya kisa, ila umepewa nafasi ya mhusika mdogo anayeingia jukwaani mara moja na kutoweka.

Linalotia shaka zaidi ni namna pingamizi la mgonjwa linavyotumiwa. Elisabeth alipoambiwa kwamba anampenda shemeji yake, alilia na kukana, na maumivu yakamzidia. Kwa Freud, kukana huko na kuzidi huko kwa maumivu vilikuwa dalili kwamba amegusa penyewe. Tujiulize: kama angalikubali, isingekuwa pia dalili ya ukweli? Fasiri ambayo "ndiyo" huithibitisha na "la" huithibitisha vilevile haijathibitishwa na chochote. Karl Popper aliushutumu uchanganuzi nafsi kwa sababu ya aina hii hasa: nadharia isiyoweza kutaja ni jambo gani lingeikanusha. Inasimuliwa pia kwamba mwanamke yule, alipokuwa mtu mzima mwenye watoto, alimwambia bintiye kwamba yule tabibu kijana alijaribu kumshawishi kuwa alimpenda shemeji yake, na kwamba haikuwa hivyo. Katika kitabu cha mwaka 1895 sauti hiyo haina mahali.

Sisi wahakiki tusijitoe haraka katika lawama hii. Nasi huisoma matini kwa kuishuku. Huitafuta itikadi ambayo mwandishi hakuikusudia na ukimya ambao hakuutambua. Tofauti ni kwamba shairi lililofasiriwa vibaya linabaki pale pale, likimngojea msomaji mwingine. Mwili uliofasiriwa vibaya hutiwa dawa.

Mwanafunzi wa Sheria na Vidonge Vyake

Katika tawasifu yake Mantel anasimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi wa sheria, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alianza kuandamwa na maumivu ya miguu, tumbo na nyonga, pamoja na kichefuchefu na uchovu. Tabibu alimwandikia dawa za kutibu huzuni. Hazikumfaa. Akapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, ambaye katika kitabu anatajwa kwa herufi moja tu, "Dr G". Huyu aliona kwamba kiini cha tatizo ni msongo uletwao na tamaa ya makuu: msichana huyu alitaka mengi kupita kadiri. Mantel akaongezewa dawa za kutuliza, kisha dawa kali zaidi zitumikazo kwa wenye wazimu. Mojawapo ya dawa hizo ilimletea hali ya mwili kutoweza kutulia, ya kusukumwa kutoka ndani asikae wala asisimame. Kwa mtu anayetazama kutoka nje, hali hiyo hufanana na kichaa. Hivyo tiba ikazalisha ushahidi uliokuwa ukikosekana.

Hapa kinaya cha Mantel kinafikia makali yake, naye anakifikia bila kupaza sauti. Anawasawiri matabibu wake kama watu wa adabu, wenye haraka, walioridhika na ufupi wa maelezo yao. Hawakuwa makatili. Walikuwa wasomaji walioikwisha kuufahamu mwisho wa hadithi kabla ya kuisoma. Mwanamke kijana, msomi, mwenye maoni, anayelalamikia viungo vya uzazi: wahusika wa aina hiyo walikuwa wameshaandikwa tangu Vienna. Hata utotoni, Mantel anatukumbusha, daktari alikuwa amembandika jina la mzaha la mtoto asiyepona kamwe. Jina lilitangulia uchunguzi.

Kilele cha sehemu hii si dawa bali ni katazo. Akiwa katika kliniki, Mantel alikuwa akiandika hadithi kuhusu mwanamke anayeamini kwamba mtoto wake ameibwa na kubadilishwa. Daktari alipopata habari ya kazi hiyo, alimtaka asiandike. Msomaji asiipite sentensi hiyo kwa wepesi. Aliyetwaa haki ya kuufasiri mwili wa mgonjwa sasa anaitwaa kalamu yake. Mamlaka ya kufasiri yamedai yawe mamlaka pekee ya kusimulia. Kwa mtazamo huu, tawasifu nzima ya mwaka 2003 ni uvunjaji wa katazo lililotolewa miaka mingi kabla yake.

Ufumbuzi ulipatikana mbali na London. Mwaka 1977 Mantel alihamia Botswana pamoja na mumewe, aliyekuwa mwanajiolojia. Ni huko, akisoma vitabu vya tiba, alikokutana na ugonjwa unaofanana na wake: endometriosisi, yaani hali ambapo tishu zinazofanana na zile za ndani ya mji wa mimba huota nje yake, zikaleta uvimbe, makovu na maumivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huwapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Haukuwa ugonjwa mgeni. Ulikuwa umeelezwa katika vitabu vya tiba kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 1979 alirudi Uingereza akafanyiwa upasuaji, na katika umri wa miaka 27 akatolewa mji wa mimba pamoja na ovari. Mgonjwa aliisoma matini sahihi, ilhali waliosomea kazi hiyo walisoma nafsi yake.

Kizuka na Kipandauso

Mhakiki makini hana budi kuuliza swali gumu hapa. Susan Sontag, katika Illness as Metaphor (1978), alidai kwamba njia ya uaminifu zaidi ya kuutazama ugonjwa ni kuuvua istiari. Alionyesha jinsi kifua kikuu kilivyosifiwa kuwa ugonjwa wa roho nyepesi, hadi Robert Koch alipokitambua kijidudu chake mwaka 1882 na tiba kupatikana baadaye. Na jinsi saratani ilivyohusishwa na hisia zilizobanwa. Je, Mantel hamsaliti Sontag? Kitabu chake kimejaa vizuka. Kichwa chenyewe cha kitabu kinacheza na msemo wa Kiingereza wa kukata roho, unaomtaja kizuka. Watoto ambao hakuwazaa wanaonekana humo kama vivuli. Mwandishi aliyeteswa na jazanda za wengine anatuletea zake.

Jibu letu liko katika kurasa za mwanzo. Mantel anasimulia jinsi anavyoona kitu kikipita kwenye ngazi za nyumba yake ya mashambani huko Norfolk, naye anajua kwamba ni kizuka cha babake wa kambo. Papo hapo anaeleza kwamba yeye huugua kipandauso, na kwamba kipandauso huweza kumwonyesha mtu maruweruwe. Hachagui kati ya maelezo hayo mawili. Lakini tazama mwelekeo. Madaktari wake walichukua jambo la mwili wakalieleza kwa nafsi. Yeye anachukua jambo la nafsi, tena lile linalotisha kuliko yote, naye yu tayari kulieleza kwa mwili. Amegeuza mshale wa fasiri. Aidha, vizuka vyake havidai kuwa chanzo cha maumivu. Vinakuja baada ya upasuaji na baada ya hasara, kama maombolezo. Istiari inayoomboleza ugonjwa haina kosa. Yenye kosa ni istiari inayotaka kuchukua nafasi ya ugonjwa. Sontag hakuitenga tofauti hiyo kwa uwazi wa kutosha. Mantel anaitenga kwa usimulizi wake.

Mipaka ya Shaka

Ingekuwa rahisi kuishia hapo tukiwa washindi. Lakini shaka isiyojipima yenyewe nayo hugeuka itikadi. Kuna mambo mawili ya kuzingatiwa.

La kwanza, maumivu si kipimajoto cha kidonda. Tangu Ronald Melzack na Patrick Wall wachapishe nadharia yao ya lango mwaka 1965, imekubalika kwamba ishara za maumivu hupunguzwa au kuzidishwa na mfumo wa neva njiani, na kwamba hofu, umakinifu na huzuni vimo katika kazi hiyo. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu, katika fasili yake ya mwaka 1979 iliyorekebishwa mwaka 2020, kinayataja maumivu kuwa ni tajiriba ya fahamu na ya hisia kwa pamoja. Anayesema kwamba nafsi haihusiki anakosea. Ila kuhusika si kuanzisha. Upepo huuchochea moto. Hatuuiti upepo kibiriti.

La pili, historia ya makosa yenyewe ina pande mbili. Mwaka 1965 Eliot Slater alichapisha taarifa ya wagonjwa 85 wa London waliokuwa wameambiwa kwamba wana histeria. Alipowafuatilia baada ya miaka kadhaa, aliwakuta wengi wao na maradhi mengine yaliyokuwa yamepitwa. Hali kadhalika vidonda vya tumbo, vilivyohesabiwa kwa muda mrefu kuwa zao la wasiwasi, vilihusishwa na bakteria na Barry Marshall na Robin Warren, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa upande wa pili, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 kuhusu udhaifu wa viungo, kifafa bandia na dalili za jinsi hiyo yalionyesha kwamba makosa ya utambuzi yalishuka kutoka asilimia 29 katika miaka ya 1950 hadi karibu asilimia 4 tangu miaka ya 1970. Uhodari wa tiba umeongezeka, na haki inatutaka tulitamke hilo. Tukumbuke tu kwamba dalili hizo si maumivu, na kwamba maumivu ndiyo yasiyoonekana kwa jicho wala kwa mashine.

Jambo hili latufikisha kwenye udhaifu uliomo katika namna wengi wanavyokisoma kitabu cha Mantel. Husomwa kama hadithi ya upelelezi: mtuhumiwa anadharauliwa, ushahidi unapatikana, heshima yake inarejeshwa na kisu cha mpasuaji. Usomaji huo unapendeza, lakini una hatari. Unamfanya aaminike yule tu ambaye kidonda chake kilionekana hatimaye. Vipi yule ambaye mwili wake umepasuliwa na kupigwa picha bila kitu kuonekana, naye bado haamki kitandani? Kwa mantiki ya upelelezi, huyo amebaki na hatia.

Matini yenyewe inaukataa usomaji huo. Baada ya upasuaji maumivu yalirejea. Dawa za homoni ziliubadilisha mwili wa Mantel hadi akawa mtu mzito asiyejitambua kwenye kioo. Uthibitisho haukuleta uponyaji, wala muundo wa kitabu hauletwi kwenye fundo moja kama kisa cha Elisabeth. Sura zinarudi nyuma, zinakatika, zinaanza upya. Fani hapa ni hoja: maumivu sugu hayana kilele wala ufumbuzi, na usimulizi unaoyaheshimu hauwezi kujidai kuwa navyo.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba fasiri ya kisaikolojia ya maumivu sugu hukosea inapofanya mambo matatu: inapoufanya ukimya wa vipimo kuwa ushahidi wa nafsi, inapoligeuza pingamizi la mgonjwa kuwa ungamo, na inapotaka kumpokonya usimulizi wa mwili wake. Tumeonyesha pia kwamba shaka dhidi ya fasiri hiyo haihitaji kuikana nafsi. Inahitaji tu uaminifu wa kusema "sababu haijajulikana" pale ambapo haijajulikana. Sentensi hiyo fupi ni ngumu kwa tabibu, na ni ngumu kwa mhakiki vilevile, kwa kuwa wote wawili hulipwa wafasiri.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kitabu cha Mantel kinamrudisha kwenye sarufi aliyoizoea bila kuitazama. Kinaniuma, anasema mgonjwa. Kwanza amsikie katika kauli hiyo, kama mtendwa aliyepatwa na jambo. Uchunguzi na ufuate baada ya hapo, na ufike popote ushahidi utakapoufikisha.